Neno Huulizwa kwa Jirani

Mwaka 2009 sehemu ya bahari ya Tanga, Kigombe ikiwamo, ilifanywa hifadhi, na kwa Kiingereza ikapewa jina la maneno manne: "Tanga Coelacanth Marine Park". Mpe jina hilo mtoto wa kidato cha kwanza aliyekaririshwa kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, umwambie ataje kila neno ni la aina gani. Atakimbilia "Tanga": mahali, nomino. "Coelacanth" ni samaki, nomino. "Park" ni mahali tena. Kisha atabaki na "Marine", ambayo si mtu, si mahali, wala si kitu cha kushika, naye ataanza kuangalia dari.

Mwalimu ninayetaka kumsifu hapa huanzia mwisho. Hufunika maneno matatu ya kwanza kwa kiganja, akabakisha "Park", akauliza: hapa kimetajwa nini hasa? Mji? Samaki? Bahari? La, hifadhi. Basi hiyo ndiyo nomino kuu, na yale matatu yote yamekuja kwa ajili yake, kusema ni hifadhi ya namna gani, inayojulikana kwa nini, na iko wapi. Kiswahili kingeitanguliza hifadhi kisha kikaifuatishia maelezo. Kiingereza hurundika maelezo mbele, na kinachoelezwa hakionekani mpaka mwisho. Mtoto akiliona hilo siku moja tu, sentensi nyingi za kitabu chake cha jiografia zinaanza kumfungukia.

Halafu huja swali ambalo kila darasa lenye watoto macho huliuliza. Kama "coelacanth" inaeleza "park", si iwe kivumishi? Mwalimu hajibu. Anaandika "very" ubaoni na kuwaachia wajaribu wenyewe. "A very big park", inakubali. "A very coelacanth park"? Vicheko. "The park is big", sawa. "The park is coelacanth"? Hapana. "Two coelacanths"? "An old coelacanth"? Hizo zinakaa vizuri. Kwa hiyo ni nomino, imekuja kueleza nomino nyenzake bila kuacha unomino wake. Ukisema "askari kanzu", kanzu haijageuka kivumishi kwa kukaa nyuma ya askari.

Na "marine"? Nayo inaikataa "very". Mwalimu mvivu angelificha hilo, na darasa lisingejua. Huyu analitoa nje. Anasema viko vivumishi vya Kiingereza vinavyokaa mbele ya nomino tu na havipimiki kwa "very", na "marine" ni kimojawapo. Ukijaribu kuipa wingi ukasema "two marines", umeshaondoka baharini, unazungumzia askari wa Marekani.

Samaki mwenyewe, silikanti, wanasayansi walidhani alikwisha duniani tangu zama za dinosaria, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa pwani ya Tanga nao wakaanza kumnasa kwa majarife yao. Watoto wengi anaowafundisha mwalimu huyu hawajamwona kwa macho. Hilo halikuwazuia kulipanga jina lake mahali pake, na ndiyo sababu napenda mfano huu: kazi ya neno unaweza kuijua kabla hujaijua maana yake.

Kigombe, anakofundisha mwalimu huyu, ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kwenye barabara ya pwani itokayo Tanga kwenda Pangani. Upande wa bara kuna mkonge, upande wa pili bahari. Mwalimu ni mstaafu, na twisheni yake huifanya jioni barazani, watoto wamekaa mkekani, ubao ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi. Shikamoo zikisha, anaandika sentensi moja. Moja tu kwa jioni nzima. Nimewaona walimu wakimwaga mazoezi ishirini ubaoni na kuondoka kwenda kunywa chai. Huyu sentensi yake moja huwatoa watoto jasho hadi adhana ya magharibi.

Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "The fast boat sailed fast before the fast ended." Chombo chenye kasi kilikwenda kwa kasi kabla saumu haijaisha. Neno "fast" limo mara tatu, na kila mara lina aina yake. Laiti angetaka, angeongeza ya nne, maana "we fast in Ramadan" ni kitenzi. Mtoto aliyefundishwa kwamba kila neno lina aina yake, basi, kama mtu na kabila lake, hapa anakwama kabisa. Mwalimu akawaambia wafikirie ngalawa ya hapo hapo ufukweni: mtu yule yule akikaa nyuma na kushika usukani ndiye nahodha, akihamia katikati na kushika kata ndiye mfua maji. Huwezi kumwita nahodha kwa kumwangalia sura akiwa nchi kavu. Tazama amekaa wapi na ameshika nini.

Kisha kazi ikaanza, na hatua zake nitazieleza pole pole, kwa kuwa uzuri wake uko kwenye mpangilio. Kwanza hakuuliza nomino iko wapi. Alisema: hamisheni sentensi hii muipeleke kesho. Watoto wakahangaika kidogo, wakaja na "The fast boat will sail fast before the fast ends." Akaziandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine, akawauliza ni maneno gani yamebadilika. "Sailed" imekuwa "will sail". "Ended" imekuwa "ends". Mengine yote hayakutikisika. Basi hivyo ndivyo vitenzi, hakuna haja ya kubahatisha wala ya kukumbuka kwamba kitenzi ni neno la kutenda. Mtoto wa Kiswahili analijua hili tangu tumboni: wakati hukaa ndani ya kitenzi, kwenye -li- na -ta-, wala hautafutwi kwingine.

Hapo sentensi imeshapata nguzo mbili. Kila kitenzi kinadai mwenyewe. Nani "sailed"? "The fast boat". Nini "ended"? "The fast". Sasa "the" ya kwanza na "the" ya mwisho zinaonekana zinavyofanya kazi: kila moja imefungua mlango na kusubiri nomino iingie. Kwenye "the fast ended" baada ya "fast" kuna kitenzi, hakuna nomino nyingine inayokuja, kwa hiyo "fast" yenyewe lazima iwe ndiyo nomino. Kwenye "the fast boat" haijafika bado, kuna "boat" nyuma yake, kwa hiyo "fast" ya hapo ni ya kueleza tu. Binti mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono kusema "fast" ya kwanza ni nomino kwa kuwa imefuata "the". Mwalimu akamwambia, "Subiri, mwanangu, usimshushe abiria kabla ya kituo." Nadhani nusu ya ufundi huu iko kwenye neno hilo la "subiri". Kosa kubwa la wanafunzi ni kutoa hukumu mapema, neno moja baada ya jingine, kutoka kushoto kwenda kulia, na Kiingereza kina tabia ya kuficha ushahidi upande wa kulia.

"Fast" ya katikati ikabaki. Haina "the", haina nomino nyuma yake, iko karibu na "sailed". Imesafiri vipi hiyo "boat"? "Fast". Kielezi. Na hapa akawapa onyo ambalo wengi wetu tulilipata kwa maumivu: wasitegemee mkia wa "ly". "Fast" ni kielezi bila "ly", na "hard" pia, ilhali "hardly" ni kitu kingine kabisa. "He pulled hard" ni mtu aliyevuta wavu kwa nguvu zake zote. "He hardly pulled" ni mvivu.

Ikabaki "before". Sheria yake ni fupi: angalia kulia kwake, uone kama kuna kitenzi kilichokamilika na mwenyewe. "Before the fast ended" ina "ended", kwa hiyo ni kiunganishi, imeunga sentensi mbili. "Before sunset" haina kitenzi, ni kihusishi. Na "I have seen him before", ambamo kulia hamna kitu, ni kielezi. Kila swali hapo limejibiwa na jirani wa neno, na neno lenyewe halikuguswa.

Sasa niseme kitu ambacho nadhani walimu wengi wa Kiingereza wa mwambao hawakipi uzito wake. Utaratibu huu wa kulipima kila neno kwa alama zake si mgeni kwa watoto hawa. Wengi wao asubuhi au alasiri huwa madrasa, na mtoto anayeendelea mbele ya kusoma Kurani hufika kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, na humo hukutana na Ajurrumiyya, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fez, Morocco, aliyefariki mwaka 1323. Humo maneno ya Kiarabu yamegawanywa mafungu matatu tu: ismu (nomino), fiili (kitenzi) na harufu (yaliyobaki). Na kitabu hakimwachi mwanafunzi na tafsiri ya kifalsafa, kinampa alama. Ismu hujulikana kwa kukubali kasra ya mwisho, tanwini, alif na lamu mwanzoni, na kutanguliwa na harufu za jarri. Fiili nayo ina alama zake. Harufu ni ile isiyokubali alama ya ismu wala ya fiili, yaani hujulikana kwa kukosa alama. Ni wazo zuri mno, na kitabu chenyewe kina miaka kama mia saba.

Mwalimu wetu aliisoma hiyo utotoni, na ukimsikiliza unaisikia. Alipowaambia watoto kwamba "the" ni alif-lamu ya Waingereza, vijana wawili waliokuwa wamesinzia waliinua vichwa. Mfano huo una mipaka yake, kwa sababu alif-lamu hugandana na neno lake na "the" husimama peke yake ikaruhusu vivumishi kupita katikati, naye mwenyewe aliisema mipaka hiyo. Ila mlango ulikuwa umeshafunguka. Darasa la Kiingereza na darasa la nahau, ambayo kwa kawaida hayasalimiani, yalikuwa barazani pamoja.

Ile hesabu ya aina nane za maneno tuliyokaririshwa shuleni ina historia ya kuchekesha kidogo. Mgiriki Dionysius Thrax, kama miaka mia moja kabla ya Nabii Isa, alihesabu nane, lakini kivumishi hakimo humo, kilikaa ndani ya nomino, kama kinavyokaa ndani ya ismu. Warumi walipochukua mfumo wake hawakuwa na kibainishi kama "the", wakaona pengo, wakaingiza kihisishi ili nane itimie. Waingereza baadaye wakapangua na kupanga tena. Nane imebaki kwa mapenzi ya nane. Wataalamu wetu wa Kiswahili nao wamekuwa wakibishana mafungu ni mangapi na majina yake nani, na sioni ubaya. Mwaka 1952 Charles Fries wa Michigan alitoa kitabu kilichoyaacha kabisa majina ya zamani. Alirekodi mazungumzo ya simu ya takriban saa 50, akatengeneza vifremu vya sentensi vyenye nafasi wazi, na kila neno lililokaa kwenye nafasi moja akaliweka fungu moja na kulipa namba au herufi. Alichokifanya Fries kwa mashine ya kurekodi ndicho mwalimu wa barazani anachokifanya anaposema "jaribuni kuweka very".

Mashine zenyewe zimepata tabu na kazi hii. Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani kilipokusanya matini ya Kiingereza ya maneno milioni moja miaka ya 1960, programu iliyoandikwa na Greene na Rubin mwaka 1971 ilipatia aina ya neno kwa asilimia 77 hivi, na watu wakakaa miaka kusahihisha yaliyobaki kwa mkono. Programu za leo hufika kama asilimia 97, namba inayopendeza mpaka uipigie hesabu: kwenye sentensi ya maneno ishirini, karibu nusu ya sentensi zitakuwa na angalau neno moja lililowekwa pasipo pake. Kiswahili kilipata programu yake ya kuchambua maneno Helsinki, Finland, kwa Arvi Hurskainen, kuanzia miaka ya 1980, na kazi yake huko ilikuwa na ugumu wa aina nyingine. Kiswahili hubeba alama zake mwilini, mwanzoni na mwishoni mwa neno, na ugumu uko kwenye kulipasua neno moja refu. Kiingereza hutembea kikiwa tupu, alama ziko nje, kwa majirani.

Ndiyo maana -ing huwatesa watoto wetu. Siku moja mwalimu aliandika sentensi mbili zenye umbo moja:

"Their work is fishing."
"Their father is fishing."

Kiswahili kimeshazitenganisha kabla hujafungua mdomo: kazi yao ni kuvua, baba yao anavua. Kiingereza kimeziachia zifanane hadi nukta. Watoto wakasema zote vitenzi, kwa sababu kuvua ni kutenda. Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Akawaambia wazigeuze, mwisho uje mbele. "Fishing is their work." Vizuri, inasomeka. Na ya pili? "Fishing is their father." Kilichofuata barazani hapo siwezi kukieleza, mmoja alilala chali kwa kucheka. Uvuvi ndiye baba yao! Walipotulia akauliza tena, na mara hii hakuna aliyekosa: ya kwanza ni nomino, ndiyo maana inaweza kubadilishana nafasi na "work", ya pili ni sehemu ya kitenzi, imefungwa na "is", ukiivuta mbele unaleta kizaazaa. Jaribio moja, na ile kanuni ya "kitenzi ni neno la kutenda" ikavunjika mbele ya macho yao. Aliimalizia kwa "arrival". Kufika ni kutenda, si ndiyo? Haya, lipelekeni kesho hilo "arrival". Halikwenda popote.

Kilichonivutia zaidi ni alivyokuwa akichagua sentensi zenye faida ya pili. Hawa ni watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa, sekondari, wanakutana na historia na baiolojia kwa Kiingereza. Kitabu cha historia kitawaeleza habari za mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na kwamba kati ya miche elfu moja iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Mwalimu akaandika: "Most plants shipped from Florida died." Mtoto anayesoma kwa haraka hufika "shipped" na kudhani ameshapata kitenzi: miche ilisafirisha kutoka Florida. Halafu anagongana na "died" na sentensi nzima inamporomokea. Wakaipeleka kesho. "Most plants shipped from Florida will die." "Died" ilibadilika, "shipped" haikubanduka. Akawaambia waingize "which were" mbele ya "shipped", ikaingia bila kelele. Basi "shipped" ni ya kueleza miche, na kitenzi kinachoishika sentensi ni "died". Mtoto aliyelielewa hilo amepata zaidi ya alama mbili za mtihani, amepata njia ya kusoma ukurasa.

Niseme pia kwamba njia hii ni ya polepole mno kwa silabasi. Mwalimu wa shule mwenye watoto themanini darasani na mada za kumaliza kabla ya mitihani hawezi kukaa na sentensi moja jioni nzima, na simlaumu akiimbisha "a noun is a name of". Ila wimbo huo ungeimbwa baada ya majaribio, si badala yake.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, ubaoni kulikuwa na "near". "The boat is near the reef." Kihusishi, wakasema wote, maana kulia kwake kuna nomino. Kijana mmoja mrefu wa nyuma, mtoto wa mvuvi, akauliza mbona basi watu husema "nearer the reef", na "nearest the reef", wakati hakuna anayesema "inner" au "innest" kwa maana ya kuwa ndani zaidi ya kitu? Hizo "er" na "est" si alama za kivumishi? Mwalimu alikaa kimya, akaisoma sentensi tena kwa sauti, akaijaribu na "very", "very near the reef", ikakubali. Akakiri kwamba neno hilo limebeba alama za pande mbili, na kwamba kamusi za Kiingereza zenyewe huliandika chini ya aina zaidi ya moja. "Kwenye mtihani andika kihusishi, bwana mdogo, ndicho wanachokitaka," akamwambia. "Hapa kwenye ubao wangu tuliweke alama ya kuuliza, na kesho uje na maneno mengine mawili yenye tabia hiyo." Kijana akaanza kuyatafuta pale pale, akataja "like", na wakaingia tena kwenye ubishi.